Tarehe Chini ya Karatasi

Kila asubuhi, kabla sijawaambia wakae, napiga kelele neno moja tu: "Tarehe!" Anayefika wa kwanza anaiandika ubaoni, na kila mwanafunzi anaiingiza kwenye mashini yake kabla hajagusa kitu kingine chochote. Nafundisha kompyuta katika shule moja ya masista hapa Kolwezi. Mashini zetu, ordinateri kama tunavyoziita hapa, ni za zamani, tulipewa na watu waliokuwa wanataka kuzitupa, na zile betri ndogo za ndani, za duara kama kifungo cha koti, zilikufa siku nyingi. Betri hiyo ndiyo inayoikumbusha mashini leo ni siku gani wakati umeme umekatika. Na umeme wetu, jamani, tuache tu. Nyaya nene zinapita juu ya mabati yetu kwenda kwenye migodi, sisi tunaziangalia kwa chini. Kwa hiyo kila mashini ikiwaka inaamini kwamba bado ni mwaka ule iliotengenezwa, mwezi wa kwanza, siku ya kwanza.

Mimi sivumilii tarehe ya uongo. Mwanafunzi akinipa kazi yenye mwaka wa zamani namrudishia bila kuisoma. Wamenipa jina la utani kwa ajili hiyo, na wanadhani silijui. Sitaliandika hapa, wakiliona watafurahi kupita kiasi.

Naeleza haya kwa sababu ya mama yangu na figo lake la kushoto.

Mama aliuza sombe, majani ya mihogo ya kutwanga, sokoni tangu alipoletwa hapa kutoka Sandoa, mke kijana wa mtu wa migodi. Baba alipofariki hakurudi kwao. Kaka yangu, yaya tunavyomwita hapa, ndiye aliyerudi, akaoa huko, analima mihogo, na kila anapopiga simu wimbo ni ule ule: mama aje apumzike. Mama naye kila siku anasema atakwenda. Kisha ubavu ukaanza kumuuma. Alijifunga kitenge kwa nguvu kiunoni na kuendelea kutwanga sombe, na mimi nilipomuuliza akanijibu kwamba ni uzee, na kwamba uzee hauna docta. Ilibidi nione damu chooni ndipo nijue. Nilimkaripia siku ile kama mwanafunzi, Mungu anisamehe.

Tukaenda kupigwa picha, ile ya kulala ndani ya duara la mashini. Ilionekana kuna kivimbe juu ya figo, kidogo. Tukapewa filamu moja nyeusi ya plastiki. Docta aliyetutuma alituambia tungoje miezi michache, tupige picha nyingine, ndipo tutajua. Kama hakikui, mama aende zake nyumbani na aangaliwe tu. Kama kinakua, figo lote litolewe haraka, kabla ugonjwa haujatembea mwilini. Basi, maisha ya mama yalikuwa ndani ya neno hilo: kinakua, au hakikui.

Mama alishachagua jibu lake. "Mi sitaki kisu," alisema. "Mungu aliweka mbili, alikuwa na maana yake. Docta atatoa moja, kesho atakuya kutafuta ingine."

Miezi ilipopita, yule docta alikuwa amehamishwa, na mashini ya picha ya Kolwezi ilikuwa imeharibika. Tukapanda basi mpaka Lubumbashi, nyuma ya foleni ya malori ya madini, mama amekalia tako moja tu ili ubavu usiguswe. Huko walimpiga picha vizuri, lakini filamu zilikuwa zimekwisha. Wakatupa diski. Diski! Nikaitia kwenye mkoba bila wasiwasi. Si mimi mwalimu wa kompyuta?

Tuliporudi, nesi wa hospitali alinieleza utaratibu. Docta wa upasuaji hakai Kolwezi. Anakuja mara moja moja, anaona wagonjwa siku moja, anapasua siku inayofuata, halafu anaondoka, na kurudi kwake hakuna anayekujua. Safari hii angekuja Jumatano.

"Anaomba picha mbili, ya kwanza na ya pili, mu mukono," nesi akasema. "Diski hapana. Ordinateri yake haina nafasi ya kuingizia diski. Bila picha, mama hataandikwa."

Nikasema hakuna shida, nitazichapa shuleni.

Nilipoifungua ile diski nilikuta ukurasa wa kufunguliwa kwa navigateri, ambayo vitabu vinaiita kivinjari. Ndani ya ukurasa kulikuwa na apleti, yaani programu ndogo isiyoweza kusimama peke yake, inakaa ndani ya ukurasa na kufanyia kazi humo. Picha za mama zilikuwa zimefungwa kwa namna ambayo apleti hiyo tu ndiyo iliweza kuzifungua. Programu nyingine zote za picha zilinigeuzia mgongo. Mwalimu mwenzangu aliniazima ordinateri yake mpya na kisomeo cha diski cha pembeni. Kivinjari chake hakikujua hata apleti ni nini, zilishaachwa zamani. Zikabaki mashini zangu za kale, ambazo hakuna aliyewahi kuziongezea kitu kipya kwa sababu intaneti yetu ni ya kukonyeza na kukimbia. Kwa mara ya kwanza nikashukuru uchakavu wao.

Shukrani haikudumu. Mahali pa picha palitokea mraba wa kijivu na onyo: programu imezuiwa, kwa sababu inatoka kwenye mashini hii hii.

Ala! Nilisimama. Yaani ingetoka ng'ambo ya bahari, kwa mtu nisiyemjua baba wala mama, ingeruhusiwa kuomba ruhusa. Lakini kwa kuwa imetoka kwenye diski niliyoipokea kwa mkono wangu mwenyewe, hiyo ndiyo ya hatari! Niliinakili kwenye mashini, nikidhani kosa ni diski. Jibu likawa lile lile. Nilifoka peke yangu darasani mpaka sista mkuu akachungulia mlangoni, akaniona, akaondoka.

Nilitafuta kwa siku kadhaa, saa za mchana baada ya wanafunzi kuondoka, kila dakika niliyokuwa na umeme. Mwishoni niliona kuna orodha ya mahali panaporuhusiwa, na kwamba hata njia ya faili za ndani inaweza kuandikwa humo, ila lazima ianze na mikwaju mitatu, ile mistari ya mshazari. Mimi nilikuwa naandika miwili, kama anwani ya kawaida. Nikaongeza wa tatu. Mraba ukabadilika, na likaja onyo jingine: sahihi ya programu hii imekwisha muda wake.

Hapo nilikaa chini. Apleti ya namna hii hupigwa sahihi na walioitengeneza, kama vile karatasi inavyopigwa muhuri na shefu wa mtaa, ili mashini ijue kwamba haikuchezewa njiani. Bila sahihi nzuri hairuhusiwi kusoma faili zako. Na sahihi ina mwaka wa kuanza na mwaka wa kufa. Hii ilikuwa imekufa miaka mingi. Nilijaribu kupunguza ulinzi, nikajaribu kila kitufe nilichokijua na nisichokijua. Kila asubuhi nilianza upya, nikaiweka tarehe sawasawa kama mtu mwenye adabu, na kila mchana mashini ilinikatalia.

Nikawapigia simu wale wa Lubumbashi. Mwanaume mmoja mpole akajibu.

"Mama, kwetu huku inafunguka muzuri."

"Kwenu si kwangu, tata! Filamu je?"

"Bado hazijafika. Labda ordinateri yenu njo iko na shida, mama."

Nilimshukuru, nikakata, kisha nikamtukana. Nilikuwa na hofu, huo ndio ukweli. Nyumbani mama alikuwa ameacha kutwanga. Alikaa mlangoni na kitenge chake kiunoni, anawatania wapita njia, na nilipogeuka aliacha kutania.

Jumanne asubuhi, kesho yake ndiyo docta anafika, nilimkuta mama sakafuni kando ya kitanda. Hakuanguka, alisema, alishuka tu kwa sababu sakafu ilikuwa baridi na ubavu unapenda baridi. Nilimpandisha kitandani. Alikuwa mwepesi. Nilimwekea uji karibu, nikamwomba jirani amchungulie, nikaenda shuleni nikilia njiani bila kujificha, vumbi la malori likishika machozi usoni. Ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, darasa tupu. Hakukuwa na mtu wa kupigiwa kelele za tarehe. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na ulirudi pale pale nilipofungua mlango. Niliwasha mashini, sikugusa chochote, nikafungua ule ukurasa moja kwa moja kama mtu anayekwenda kutukanwa kwa mara ya mwisho.

Likatokea dirisha dogo: unataka programu hii iendeshwe?

Nilisoma mara mbili. Nikabonyeza ndiyo. Mraba wa kijivu ukajaa, polepole, kutoka juu kwenda chini, na mama yangu akawa mbele yangu: uti wa mgongo, mbavu, ini, figo la kulia, na la kushoto. Jina lake juu. Nikapiga yowe. Halafu nikatazama kona ya chini ya kioo, nikaona ule mwaka wa kale, mwezi wa kwanza, siku ya kwanza, na nikaelewa. Mashini iliamini iko katika mwaka ambao sahihi ilikuwa bado hai. Mimi ndiye niliyekuwa naiua kila asubuhi kwa tarehe yangu ya kweli. Nilicheka na kulia pamoja. Niliibusu ile mashini, ndiyo, na vumbi lake.

Kivimbe sikukitazama sana. Mimi si docta, na nilikuwa naogopa kutazama. Nilichofikiria ni umeme tu. Niliwasha mashini ya kuchapa, nikachagua picha zinazoonyesha figo, nikachapa haraka haraka. Taarifa nyingine, pamoja na siku aliyopigwa picha, zilikuwa kwenye kidirisha cha pembeni, sikuzichapa, wino ulikuwa unakwisha. Mgodi ulilipua miamba, vioo vya madirisha vikatetemeka, nikaushikilia waya wa umeme kwa mkono kana kwamba ningeweza kuuzuia usikatike. Karatasi ya mwisho ilitoka. Nikaziweka zote pamoja na filamu ya kwanza katika bahasha moja, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumatano tulifika mapema, lakini benchi lilikuwa limeshajaa. Mama alivaa kitenge kipya na hereni zake za harusi. Nilimwambia hospitali si misa. Akaniambia docta anapasua haraka yule anayeonekana maskini.

Zamu yake ilipofika nilisimama naye. Nesi akanizuia kwa mkono.

"Mugonjwa peke yake, madamu. Docta ana batu mingi."

"Hasikii Kifaransa vizuri."

"Docta anajua na Kiswahili. Kaa."

Nikakaa. Ningegombana, lakini siku ile nilikuwa nimejaa ushindi, na mtu aliyejaa ushindi hagombani. Nilimwangalia mama akiingia na bahasha, amenyoosha mgongo.

Hakukaa sana. Alitoka akipiga vigelegele. Benchi lote likageuka. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, mkono mwingine ulishika karatasi na filamu, na kabla sijauliza kitu alikuwa ameshatoa simu kwenye kifua na kumpigia kaka Sandoa.

"Eee, mwana wangu! Hakuna kisu! Docta anasema kile kintu kinajimaliza kyenyewe! Zamani kilikuwa kikubwa, sasa kakuwa kadogo! Mi nakuya! Niandalie bitanda!"

Nilipiga vigelegele na mimi. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka nikamshika nesi yule yule aliyenizuia, na yeye akacheka. Mama mmoja kwenye benchi alianza wimbo wa kanisani. Mama yangu alikata simu, akapangusa macho kwa pembe ya kitenge.

"Docta mwenye akili huyu," akasema. "Aliuliza bintu mu Kifaransa, mi namujibu oui, oui. Akaniuliza, mama, ulipiga ya kwanza zamani sana? Oui, docta. Na hii filamu ni ya mwaka huu? Oui, docta. Akaziweka pamoja, akasema una bahati."

"Ya kwanza zamani sana?" nikauliza. "Ya kwanza ni ya mwaka huu huu, mama."

"Apana. Angalia. Mi najua namba, mi niliuza mu soko." Akanifunulia karatasi niliyoichapa mwenyewe jana yake, na kidole chake, chenye kovu la mchi, kikagusa chini kabisa, pembeni, ambako kivinjari huandika tarehe ya kuchapa bila kuombwa. Herufi ndogo sana. Siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwaka wa kale.

Nilichukua karatasi kwa mkono mmoja na filamu kwa mwingine, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, na safari hii nilitazama. Kwenye filamu, ya kwanza kweli, kilikuwa kama punje ya karanga juu ya figo. Kwenye karatasi, ya Lubumbashi, kilikuwa kimelifunika nusu.

Simu ya mama ikaita tena. Kaka alitaka watu wa nyumbani wote wasikie kwa masikio yao. Mama akaipokea kwa sauti ya juu, akanipa mgongo, akaanza upya kutoka mwanzo.

Nitasema nilichofikiri, maana hakuna faida ya kujipamba. Nilifikiri: nyamaza. Docta mwenyewe ndiye aliyesema. Mama amefurahi, yuko wima, atapanda basi, ataona Sandoa, ataona wajukuu. Nani alinituma kujua? Halafu nikamwona sakafuni, Jumanne asubuhi, akiniambia kwamba ubavu unapenda baridi.

Nikampita nesi. Akanishika nguo, nikaivuta. Ndani kulikuwa na mgonjwa mwingine, tayari amefungua shati. Docta aliinua macho. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, na amechoka.

"Docta, nisamehe. Tarehe ya karatasi ile ni ya uongo. Mashini yangu haina betri. Hii ya karatasi ndiyo ya sasa, imepigwa Lubumbashi. Filamu ndiyo ya kwanza. Umezisoma kinyume."

"Madamu, tarehe imeandikwa."

"Najua imeandikwa! Ni mimi niliyeichapa!"

Nilikuwa napiga kelele ile ile ninayopigia wanafunzi. Alinyoosha mkono, nikampa zote mbili. Alizitazama bila kuharakisha. Aliniuliza mama alipigwa lini Lubumbashi, nikamtajia siku. Akachukua kalamu, akaikata ile tarehe ya chini kwa mstari mmoja, akanipa kalamu niandike ya kweli. Nikaiandika.

"Kesho asubuhi," akasema. "Yeye wa kwanza. Asile kitu leo jioni."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mama alikuwa bado amesimama pale pale koridoni, simu sikioni, benchi lote linamsikiliza. Nilimshika kiwiko. Aliniangalia usoni na sauti yake ikapungua yenyewe. Akaishusha simu kifuani bila kuikata.

"Docta alisoma kinyume, mama. Ile karatasi njo ya sasa. Kintu kimekua. Unapasuliwa kesho, uko wa kwanza."

Hakulia. Alitazama karatasi mkononi mwangu, pale chini, penye wino mpya.

"Ungeniachia hata leo tu," akasema.

"Kesho ndiyo siku yake ya mwisho, mama. Anaondoka."

"Najua. Nesi alisema." Akaanza kuvua hereni, moja, nyingine, akaziweka kwenye kiganja changu na kunifunga vidole. Kisha akanipa na simu. "Muambie yaya yako weye. Mi nimeshamuambia ingine."

Nikaiweka sikioni. Kaka hakuwa amekata. Alikuwa anacheka, anamwita mke wake akamate jogoo.